Neno la Mjomba Shimoni

Juzi, pale Kagongwa, niliona tangazo mlangoni pa duka: "Anatafutwa yaya." Nilisimama nikalisoma tena, na harufu ya udongo mbichi na moshi wa jenereta ikanirudia.

Siku ile, miaka mingi iliyopita, Mama alikuwa amenituma kumpelekea mjomba Masanja ugali kwenye duara, kama wachimbaji wa Geita wanavyoliita shimo la dhahabu. Mjomba alikuwa chini, akifunga mfuko wa mawe kwenye kamba. Juu, kwenye winchi ya mkono, alisimama Hamisi, kijana mgeni kutoka Tanga.

"Kaka Masanja, nivute?" aliita.

"Yaya!" sauti ilipanda, nzito.

Hamisi alicheka. "Mtu mzima na ndevu zake anamlilia yaya! Haya mwanangu, yaya nimefika, navuta!"

Nami nilicheka. Kwetu Wasukuma yaya ni hapana, na nilidhani kila mtu duniani anajua hilo. Nilidhani Hamisi anatania tu, na kwamba atasubiri.

Alivuta. Mfuko ulikwenda kombo, ukanasa kwenye magogo yaliyozuia kuta. "Yaya! Yaya!" Hamisi akaongeza nguvu. Gogo likalia, kisha udongo ukashuka kwa sauti ndogo, kama mtama unaomwagwa ghalani.

Siku hizi simwagizi mtu jambo bila kumwomba anirudishie alichosikia. Wengine huudhika.

Hamisi alilala kifudifudi ukingoni. "Kaka Masanja, u mzima?"

Ugali ulipoa mikononi mwangu. Tulitega masikio, tukiomba hata yaya moja tu.