Waya au Kamba ya Kwenda Kibugu

Muuza vipuri wa Meru hakuanza kwa kuniuliza gari langu lina uzito gani. Hilo lilikuja baadaye. Swali lake la kwanza, huku akipangusa mikono kwa kitambaa, lilikuwa hili: "Daktari, ukikwama kule kwenu, ni nani huja?"

Nilimwona mtu wa kunipotezea wakati. Nilikuwa nimetoka Embu asubuhi, nimepita Kanyakine bila hata kusimama kununua ndizi, na kichwani nilikuwa na neno moja tu: winchi. Ile mashine inayofungwa mbele ya gari, yenye mota na pipa dogo la kukunjia waya. Gari likizama matopeni unaufunga waya kwenye mti ulio mbele, unabonyeza, na gari linajivuta lenyewe. Nilitaka kubwa, nilitaka ya waya wa chuma, na nilitaka kurudi nyumbani kabla ya mvua. Nikamjibu kwa mkato kwamba huja watu.

"Wangapi?"

"Wote," nikasema, na sikuwa natia chumvi.

Kule juu Kibugu, mashamba ya chai yanapokaribia msitu, gari likikwama hakuna anayetazama kutoka mbali. Wachuma chai hutua vikapu, anayekama huacha ndoo, anayelima huja na jembe lake begani, na kila mmoja ni lazima aliguse gari. Kusimama kando na mikono mfukoni wakati mwenzako amekwama ni aibu ambayo itakufuata mpaka kanisani. Nimewahi kusukumwa na mzee wa kanisa akiwa na suti yake ya Jumapili, na aliposimama tena alikuwa na rangi moja kutoka kola hadi viatu. Aliniambia asante. Mpaka leo sijui alikuwa ananishukuru kwa nini.

Mimi ni daktari wa ng'ombe. Kazi yangu inanipeleka kwenye matope ya Kibugu na kwenye mchanga wa Siakago, wakati mwingine kwa siku moja, na gari langu ni kuukuu ingawa linavuta kwa magurudumu yote manne. Kilichonipeleka Meru kilikuwa ng'ombe mmoja tu. Msimu wa mvua uliotangulia, mama mjane wa Kibugu alinipigia simu ng'ombe wake aliposhindwa kuzaa. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyonunua kila kitu katika nyumba ile. Gari langu lilizama kwenye mwinuko chini ya shamba lake, mahali ambapo ningeweza kuona moshi wa jiko lake. Watu walisukuma hadi wakachoka. Mwishowe nilivua viatu nikapanda kwa miguu, mkoba kichwani, na nilipofika ng'ombe alikuwa amelala ubavu, ndama amekwama katikati ya njia ya uzazi, wote wawili wamekufa.

Yule mama hakunilaumu. Alinipa chai. Nimetukanwa na wafugaji kwa lugha tatu nikalala usingizi mzuri, lakini chai ile ilinikaa kooni mwaka mzima. Alikuwa amebaki na mtamba mmoja, binti wa yule aliyekufa, na sasa mtamba huyo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mtamba akifa, nyumba ile ingebaki na zizi tupu.

Hayo yote sikumwambia muuza vipuri. Alikuwa Mwislamu wa makamo, kofia yake ya kufumwa imeingia doa la grisi, na kabla ya kufungua duka alikuwa amesafirisha miraa kutoka Maua kwa miaka mingi. Alinisimulia kwamba siku moja huko, wakivuta lori, waya wa chuma ulikatika. Waya ukikazwa hujaa nguvu ambayo huioni, na ukikatika nguvu hiyo yote hutoka mara moja. Ule ulipita kando ya barabara ukakata migomba minne kwa pigo moja. Mwenzake alipona kwa sababu alikuwa ameinama kuvuta buti lililonaswa matopeni. Alisema mpaka leo akipita penye ndizi hutazama kiuno chake mwenyewe.

Nikamwambia mimi nitawafukuza watu wasikaribie. Alicheka kidogo, kwa adabu.

"Watu wa mlimani hutawabadilisha, Daktari. Badilisha kamba."

Akaenda nyuma ya duka akarudi na kamba ya kijivu, nene kama kidole changu kidogo, imesukwa kama nywele za msichana anayerudi shule. Akaitupa mikononi mwangu. Nilikuwa nimejiandaa kupokea mzigo, kwa hiyo nilikaribia kuirusha darini. Ilikuwa nyepesi kabisa. Akaniambia kamba hii inavuta sawa na waya, hata zaidi. Nikamtazama kama ninavyomtazama mfugaji anayedai ng'ombe wake hutoa ndoo tatu. Akachukua kipande, akakitia kwenye beseni la maji, kikaelea. Ninakiri kwamba nilikitazama kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima. Kitu cha kuelea majini, kisicho na uzito wa kuku, eti kitanyanyua gari langu kutoka kwenye udongo wa Kibugu.

Alinieleza magonjwa ya kila mmoja bila kuficha. Waya hauogopi jiwe wala jua, na bei yake ni ya chini, lakini unashika kutu, na nyuzi zake zikikatika hutoa miiba inayopenya hata glavu. Kamba haina miiba, na ikikatika huanguka tu, lakini inaogopa kusuguliwa na ncha yoyote, inachoka kwa jua, na mchanga ukiingia ndani huila polepole, kwa hiyo ni lazima ioshwe. Kuhusu winchi yenyewe, alitaka uzito wa gari likiwa na mzigo wote, kisha akaongeza nusu yake. Akasema nivute injini ikinguruma ili betri isife, na nisifungue kamba hadi mwisho, nibakishe mizunguko kadhaa kwenye pipa.

Nikaichukua kamba. Halafu akaniambia jambo la mwisho: nisiipitishe kwenye rola za chuma. Mbele ya winchi ya waya huwa na rola nne za kuuongoza, na waya huzichimba meno. Kamba inataka mdomo wa alumini uliolainishwa. Mimi nilijua fundi wa Embu mwenye rola zilizotoka kwenye gari jingine, na alikuwa tayari kunipa bure. Nikasema nitaangalia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshakubali kushindwa kuhusu kamba, na sikutaka kushindwa mara mbili siku moja.

Mara ya kwanza niliitumia kwenye mto mkavu karibu na Siakago, mchanga umemeza magurudumu ya nyuma. Nilifunga kamba kwenye mgunga, nikabonyeza. Hakukuwa na kishindo. Mota ilinung'unika, kamba ikanyooka, na gari lenye dawa, mitungi na kreti mbili za vifaranga vya mtu likaanza kutembea bila dereva. Wachungaji wawili wa mbuzi walikuja, wakaweka mikono juu ya bodi likiwa linatembea, ili wasionekane wavivu. Nilijisikia kama mtu aliyeona mlima ukihama. Nilirudia mara mbili bila sababu.

Mvua ndefu zilipofika, simu ikaja mchana, baada ya chakula. Yule mama alisema kwa sauti ya chini kwamba mtamba ameanza, miguu miwili imetoka, kichwa hakionekani. Nilijua maana yake. Kichwa kimegeuka nyuma, na hapo huwa una saa chache tu.

Gari lilizama palepale. Si karibu na pale, palepale. Nilizungusha mkanda mpana kwenye mti wa mkima ulio mpakani mwa shamba, nikatia kulabu ya kamba kwenye pete yake, nikarudi kwenye gari. Watu walikuwa wameshafika. Mama mwenyewe alikuwa ameteremka na jembe, amemwacha jirani na mtamba, naye alikuwa anafukua gurudumu la mbele, bega lake la kushoto karibu kabisa na kamba. Nilipiga kelele warudi nyuma. Waliitikia vizuri, "Sawa, Daktari," kisha wakasogea karibu zaidi. Nami nilikuwa nafikiria kichwa cha ndama. Nikabonyeza.

Kamba ilinyooka, ikatoa maji kama nguo inayokamuliwa. Gari likapanda shubiri moja, likazama tena. Mota ikalia. Halafu kukawa na mlio mmoja, kama tawi kavu likivunjika, na nikafumba macho. Mimi ni daktari. Nilijua nitakachokiona nikiyafungua.

Niliyafungua. Mama alikuwa amesimama. Kamba ilikuwa imelala begani mwake, imeshuka kifuani hadi kiunoni, na ncha yake iko matopeni karibu na miguu yake. Aliitoa begani kwa vidole viwili, kwa kero, kama mtu aliyeguswa na nguo mbichi kwenye kamba ya kuanikia.

"Daktari," akasema, "hii kamba yako imekatika. Unangoja nini?"

Sikuwa nangoja kitu. Niliinama kwenye bampa kukagua winchi, kidole changu kikapita juu ya rola, moja ya zile za bure za fundi wa Embu, kikakuta jino. Jino dogo, la kiasi cha punje ya mtama. Kila safari, gari likitikisika barabarani, jino lile lilikuwa limekaa likitafuna sehemu ileile ya kamba, ile ya karibu na kulabu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi sikuvunjika popote. Nilikaribia kumvunja mwenzangu.

Kamba ilikuwa imepungua hatua moja tu. Mama aliichukua hiyo ncha, akaivuta kati ya vidole, akasema inateleza. Akaenda nayo hadi kwenye mkima, akaipitisha kwenye pete ya mkanda, akafunga fundo ambalo amefunga kila asubuhi ya maisha yake, lile la kufungia ng'ombe malishoni, lisilomkaba wala kumwachilia. Kwa sababu ya utelezi aliongeza mizunguko mitatu. Waya wa chuma usingefungika hivyo hata na wanaume kumi.

Safari hii sikupiga kelele. Niligawa kazi. Wengine wakate nyasi za kuweka chini ya magurudumu, wengine watangulie na mkoba wangu, wengine wakachemshe maji, na mama aende kwa mtamba wake. Waliondoka mbio, wote, na kamba ikabaki bila mtu kando yake. Ilichukua miaka yangu yote ya kazi kugundua kwamba ndivyo watu wa mlimani wanavyoondolewa. Nyasi zilipowekwa nikabonyeza kidogokidogo, na fundo likashika, na gari likapanda.

Ndama alikuwa hai. Nilimrudisha ndani kidogo, nikakitafuta kichwa, nikakigeuza, na mtamba akamalizia mwenyewe. Jike. Alipiga chafya mara mbili, mama akacheka mara ya kwanza tangu nimjue.

Baadaye alinipa chai, mlangoni mwa jiko, na nilikunywa yote. Alikuwa bado na sweta yake ileile. Kutoka bega la kushoto, kupita kifuani hadi kiunoni, kulikuwa na mstari wa matope mekundu, mwembamba, ulionyooka. Sikuweza kuondoa macho hapo. Aliona ninavyotazama, akaupangusa kwa kiganja, haukutoka.

"Ni matope tu," akasema. "Nitaifua kesho."