Nyota ya Uwase

Leo nimempigia makofi mtoto mwenye njaa.

Mnakumbuka ile sahani ninayoitengeneza? Ina mzani chini. Mtoto akimaliza chakula, nyota ndogo inawaka pembeni. Leo nimeipeleka kuijaribu kwenye shule moja ya chekechea hapa Nengo.

Viazi na maharage.

Jamani, walikula! Hata wale wa kubembelezwa kila siku. Uwase, miaka minne, akawa wa kwanza kumaliza. Nyota ikawaka. Nikapiga makofi, nikapiga na picha.

Mama Solange, mpishi wao, akapita na sufuria kuwaongeza.

Uwase akafunika sahani kwa mikono miwili.

"Hapana. Itazima."

Na kweli ingezima. Ukiongeza chakula, mzani unaanza upya. Niliipanga hivyo mimi mwenyewe, tena nikajiona nina akili.

Mama Solange akanigeukia, upawa mkononi.

"Dada, uyu mutoto anaongezaka chakula kila siku. Kwao mangaribi anakunywaka chai tu."

Nikaichukua ile sahani nimpe ya kawaida. Ndiyo nikaharibu kabisa. Alilia mpaka wenzake wakaenda kulala, na chakula hakugusa tena.

Sufuria ikarudi jikoni na viazi vyake.

Wenye watoto, niambieni kesho naingia pale na uso gani.

Maana nimefika nyumbani, nimefungua simu, na ripoti inayotumwa na sahani, niliyoipanga kwa mikono yangu, inasema: Uwase, ameshiba.