Tofali la Evarista

Evarista alikuwa hawezi kukaa ndani Jumapili. Sisi wengine tukimaliza kufua tulitaka kujinyoosha kitandani, lakini yeye akirudi kanisani hata viatu havui. Utamsikia ukumbini anagonga milango. "Amkeni, wavivu! Chumba tumekilipia kodi, upepo wa baharini tumepewa bure, mnaumwa nini?"

Tulipanga nyumba moja Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Vyumba sita, bomba moja uani, na kuta ambazo hazikufika juu, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha kwanza anapewa pole chumba cha mwisho. Evarista alikuwa Mngoni, mshonaji wa kiwanda cha nguo, mama wa watoto wawili, na mume wake Augustino alikuwa dereva wa lori la masafa, mtu tuliyemfahamu zaidi kwa picha yake ukutani. Mimi, Zena, nilikaa chumba cha pili na mume wangu Mrisho. Nilikuwa na mdomo, sikatai. Nilinung'unika kila Jumapili kwamba Evarista anatuchosha, na kila Jumapili nilikuwa wa kwanza kubeba mkeka.

Tulikuwa hatuendi mbali. Mara Mnazi Mmoja, tukatandika kwenye majani na kumenya machungwa huku tukiwasema wapita njia. Mara baraza la nyumba yetu wenyewe, mahindi ya kuchoma, mmoja anasukwa nywele, redio ya Mrisho inatangaza mpira. Masika yakishakatika na tope kukauka, jua la saa kumi linakuwa la kuota, si la kukimbia. Magari ya watu binafsi nayo yalikatazwa Jumapili mchana kwa sababu ya shida ya mafuta, basi barabara zote zilikuwa zetu sisi wa miguu. Nimeishi miaka mingi baada ya hapo na sijapata raha ya kuishinda ile.

Na utani. Mimi Mmatumbi, yeye Mngoni, na makabila yetu ni watani tangu vita vya mababu. Asiyejua utani hawezi kuielewa aibu yangu, kwa hiyo nieleze kidogo. Mtani hakasirikiwi. Alipofiwa na baba yake mkubwa nilibeba sufuria zima la wali wa matanga nikajifungia nalo chumbani, mpaka wafiwa wakalikomboa kwa kuku, na walikuwa wanacheka huku machozi hayajakauka. Yeye aliniita mwizi mbele ya watu kila siku ya Mungu. Tulipendana hivyo.

Sasa tuje kwenye sukari. Ilikuwa mwaka themanini na moja, Juni. Sukari, sabuni, unga, vyote kwa foleni. Duka la ushirika lilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na baraza letu, na foleni yake tulipanga kwa mawe. Alfajiri unaweka jiwe lako, au kopo, au kapu bovu, unarudi kulala, na duka likifunguliwa unasimama pale lilipo. Kila mtu alijua jiwe la mwenzake. Langu lilikuwa kipande cha kinu. La Evarista lilikuwa nusu tofali lenye mistari mitatu ya chokaa. Aliyegusa jiwe la mtu alihesabiwa mchawi.

Wiki hiyo Evarista alikuwa na mgeni, mama yake, Bibi Klara, aliyeletwa kutoka kijijini kwao Songea kutibiwa macho. Bibi mwembamba, kimya, jicho moja limefungwa bandeji na jingine halina kazi, akishikwa mkono hadi bafuni. Ijumaa bandeji ikatolewa. Jumatatu angepanda basi kurudi kwao, na kwa umri wake hakuna aliyetarajia kwamba angekuja tena. Alikuwa ameomba jambo moja tu. Evarista alitutangazia uani, tumbo la miezi saba mbele yake, mikono kiunoni.

"Mama anataka kuiona bahari, na akiwa anaiona anywe chai yenye sukari. Basi! Kwao sukari hawajaionja tangu Krismasi. Kesho Jumamosi inagawiwa, Jumapili wote tunaenda Kivukoni."

Jumamosi alfajiri nilichelewa. Nilipofika na kipande changu cha kinu nilikuta foleni imeshafika kwa fundi viatu. Nikahesabu: mimi ni wa ishirini na sita. Na usiku ule Mrisho alikuwa ameniambia kwamba gunia limekuja na kilo ishirini tu, kilo moja kwa mtu. Tofali la Evarista lilikuwa la tisa. Alishaliweka na kurudi kujilaza kwa ajili ya miguu yake iliyovimba.

Ningependa kusema kwamba nilikuwa na shida kubwa. Sikuwa nayo. Nilitaka sukari kwa sababu nilitaka sukari; nilitaka Mrisho akae barazani na kikombe chake, anisifu. Nikatazama huku na huku. Palikuwa na mtu mmoja tu, amejifunika blanketi gubigubi kwenye baraza letu, nikadhani ni mlinzi wa duka amesinzia. Nikanyanyua lile tofali, nikaweka jiwe langu pale pale, na tofali nikalipeleka mkiani.

Mawe yalikuwa mengi, na wenye mawe walikuwa wengi. Kwa nini lake? Kwa sababu wengine wangenipasua kichwa. Evarista nilimjua, hagombani na mtu. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba nilimchagua kwa wema wake.

Saa mbili duka likafunguliwa. Evarista akaja, akaenda moja kwa moja penye nafasi ya tisa, akanikuta nimesimama.

"Tofali langu lilikuwa hapa," alisema.

"Liko kule nyuma, mama!" watu wakampigia kelele. "Usitucheleweshe!"

Akaliangalia tofali, akaniangalia mimi, akatabasamu. "Labda watoto wamelichezea. Zena, wewe chukua, angalau mmoja wetu apate." Akaenda mkiani akiwa ameshika kiuno. Sukari iliisha kabla hajafikiwa. Mimi yangu nilishaipitisha uani chini ya khanga kama mtu aliyeficha kidonda.

Jioni nikawasikia kupitia ukuta. "Mama, tutakunywa chai bila sukari. Nisamehe." Na yule bibi akajibu, "Haidhuru, mwanangu. Bahari yenyewe inatosha."

Sikuweza tena kukaa. Nikachota sukari kikombe kimoja. Si nusu ya kilo, kikombe. Hata kwenye kutubu nilikuwa bahili. Nikagonga mlango, nikasema nimewaletea kidogo cha bibi. Evarista akapiga kigelegele uani hadi wapangaji wote wakatoka.

"Njooni muone maajabu! Mmatumbi katoa sukari! Umeiiba wapi, mwizi wewe?"

Watu wakacheka. Nikacheka nao, mgongo unanitoka jasho. Halafu akanikumbatia kwa nguvu, tumbo lake likanigusa, akaninong'oneza bila utani hata kidogo, "Mungu akulipe." Hakuna tusi nililowahi kutukanwa lililoniuma kama shukrani ile.

Jumapili tukapanda basi hadi Posta, tukatembea taratibu mpaka Kivukoni. Ilikuwa siku ya kupendeza kweli. Upepo mwanana, meli mbili za mizigo zimetia nanga, watoto wanakimbizana na kaa ukingoni. Tukatandika mkeka. Evarista alikuwa amepika maandazi, akawachukua wanawe kwenda kuona kivuko, akaniachia chupa ya chai nimhudumie mama yake.

Nikamimina, nikatia sukari vijiko vitatu, nikampa kwa mikono miwili. "Karibu, bibi."

Akanywa. Akafumba macho, akayafumbua, akaitazama bahari kwa muda mrefu.

"Tamu," akasema. "Jicho hili limefunguka, mwanangu. Daktari alisema litachukua siku nyingi, lakini limewahi."

"Mungu ashukuriwe, bibi."

"Mimi ni mtu wa shamba, alfajiri silali. Jana nilijifunika blanketi langu nikakaa pale barazani, nilijaribu jicho. Nikaona duka. Nikaona mawe. Kitu cha kwanza nilichokiona vizuri, tangu macho yangu yafe, ni wewe umebeba tofali la mwanangu."

Ningekuwa na pa kuingia ningeingia. Nikaanza kukaza kifuniko cha chupa kilichokuwa kimeshakazwa.

"Sijamwambia," akaendelea, sauti ile ile ya upole. "Anakupenda sana. Mwambie mwenyewe." Kisha akanipa kikombe. "Niongeze. Na sukari usiibanie."

Nikamtilia iliyobaki yote. Evarista aliporudi alimkuta mama yake anatabasamu, akafurahi, akaniambia nimebarikiwa mkono. Tukakaa hapo mpaka jua likaegemea, wao wanakula maandazi na kucheka, mimi langu nikawagawia watoto. Jumatatu bibi akaondoka.

Sikumwambia. Nilisubiri mtoto azaliwe kwanza, kisha nikasubiri Augustino arudi, kisha nikasubiri sijui nini. Kila Jumamosi nilimwekea tofali lake mbele ya jiwe langu, nikajidanganya kuwa hayo ni malipo. Septemba ikaja barua ya Bibi Klara kutoka Songea, imeandikwa na mwalimu wa kijiji. Evarista akaisoma kwa sauti uani, mtoto mchanga mapajani, wapangaji wote tumekaa kuchambua kisamvu.

"Mvua bado... mbuzi kazaa... 'Msalimie Zena. Muulize kama ameshakuambia.'" Akanyanyua kichwa. "Uniambie nini, mtani?"

Macho yote yakanigeukia. Nikaliweka sinia chini. Nikasema, kwa sauti ya kusikika kabisa, "Siku ile ya sukari, ni mimi niliyeondoa tofali lako. Nilikuibia nafasi."

Evarista akaangua kicheko, akacheka mpaka mtoto akaamka. "Jamani, huyu Mmatumbi! Kanizidi! Na mama naye kaingizwa kwenye utani, bibi kizee mzima! Umepanga naye lini, mwizi wewe?" Na uani wote ukacheka, na Mrisho, mume wangu, akacheka kuliko wote.

Palibaki maneno mawili tu ya kusema. "Sifanyi utani." Yalikuwa ulimini. Nikaangalia zile nyuso, nikamwona Evarista anafuta machozi ya kicheko kwa upindo wa khanga, nami nikaokota sinia langu na kuendelea kuchambua kisamvu.

"Basi imetosha," akasema alipopata pumzi. "Nilikuwa sijui nimwite nani huyu binti. Kanisani watambatiza Agnesi, lakini hapa nyumbani ni Zena. Aliyemnywesha mama yangu chai."

Walihamia Songea miaka minne baadaye. Huyo Zena mdogo sasa ni mtu mzima, na akija Dar hanipiti. Hupiga goti mlangoni, "Shikamoo, somo," na mkononi daima ana kilo moja ya sukari, kwa sababu mama yake kamfundisha kwamba kwangu haendi mikono mitupu. Naipokea. Naitikia marahaba.