Kuunganisha Wodi na Maabara

Chumba cha mtandao cha kliniki ile ya Langas kilinuka maziwa yaliyochacha na mkojo wa panya. Wafanyakazi walikuwa wanaweka chakula chao juu ya swichi, kile kisanduku ambamo waya zote za kompyuta hukutana, eti kwa sababu hapo pana joto. Niliondoa sufuria ya githeri kwa ncha za vidole. Ptu!

Kazi yangu ilikuwa kuunganisha mtandao wa wodi ya akina mama na ule wa maabara, iwe kama mmoja. Sisi mafundi tunaita briji. Unachomeka laptopu kwenye swichi, unaandika amri mstari kwa mstari, na ukishaona zinafanya kazi ndipo unazihifadhi. Siku hiyo wodini kulikuwa na msichana aliyejifungua asubuhi na alikuwa anavuja damu. Damu ya kumwongeza ilikuwepo kwenye friji. Kilichokosekana ni majibu ya maabara ya kusema yeye ni wa kundi gani, nayo yalikuwa yamekwama kwenye kompyuta ya huko. Mama mkwe wake alisimama kwenye korido, akiniangalia kana kwamba daktari ni mimi.

Nikaandika. Taa za swichi zikaanza kupepesa, wodi ikaiona maabara. Kabla sijahifadhi, radi ikanguruma upande wa Sugoi. Msimamizi wa kliniki akaingia mbio, akang'oa plagi ukutani, vile sisi sote hufanya nyumbani mvua ikianza kutisha. Swichi ikazimika na amri zangu zikaenda nayo. Akaniambia radi haina mchezo, tungoje ipite.

Tungoje! Nilitoka nikakatiza mvua mpaka maabara, ng'ambo ya uwanja. Mtu wa maabara alikuwa anakunywa chai. Ndiyo, majibu yalikuwa tayari kitambo. Nikamwomba aniandikie kwenye karatasi nipeleke. Akasema karatasi waliacha, siku hizi kila kitu ni mfumo, na haraka haraka haina baraka. Kisha akachovya mkate. Haki ya Mungu, nilitamani kumtemea kwenye kile kikombe.

"Andika," nikamwambia, "ama uje umwambie mama mkwe wake hivyo wewe mwenyewe."

Akaandika, akiburuta mkono. Nilikimbia na karatasi chini ya sweta. Muuguzi akaisoma, damu ikatundikwa, na baada ya muda midomo ya yule msichana ikaanza kurudiwa na rangi.

Mama mkwe akanishika mkono uliolowa, akaniuliza majibu nimeyatoa wapi. Nikamwonyesha dirishani mlango wa maabara. Ungerusha jiwe kutoka pale tuliposimama, ungeugonga.

"Pale?" akasema. "Mwanangu, walituambia tungoje mtandao. Mimi nilidhani majibu yanatoka Nairobi."