Kengele kwenye Barabara ya Puta

Barabara ya kutoka Nchelenge kwenda Puta, miaka ile ya hamsini, ilikuwa yetu sisi wawili na mbuzi. Lori la samaki lilipita mara moja kwa juma, likijaliwa, na lilianza kulia tangu mbali kama mtu mwenye jino bovu. Ulipata muda wa kushuka, kuegemeza baiskeli kwenye mti, kula kipande cha muhogo na kulisubiri lipite na vumbi lake. Siku nyingine zote ulisikia mchanga ukisagika chini ya magurudumu, furukombe akiita juu ya ziwa, na mume wangu akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo Mungu peke yake ndiye aliyeweza kuivumilia.

Nilipenda mno kuendesha baiskeli. Ninalisema waziwazi kwa sababu wakati ule mwanamke hakutakiwa kulipenda jambo hilo. Baiskeli yangu ilikuwa ya kiume, yenye chuma kile cha katikati, na kila kijiji wanawake walishika viuno wakingoja kuona nitakipandaje nikiwa na chitenge. Nilikipanda. Nilivaa kaptura kuukuu ya mume wangu, nikafunga chitenge juu yake, nikaondoka. Mdomo ni jumba la maneno, acha wajenge.

Mume wangu alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Alikuja Kashikishi, jirani na Nchelenge, kuunda maboti, akanikuta nikiuza samaki, akanunua samaki wengi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula. Hayo tuyaache. Safari ninayotaka kuisimulia ni ile tuliyokwenda ili aingizwe nyumbani kwa mama yangu, Puta.

Kwetu, mwanamume akioa haonani uso kwa uso na mama mkwe wake. Haingii nyumbani kwake, hali mbele yake, wala hasemi naye. Wakikaribia kukutana njiani, kila mmoja huiacha njia na kujificha porini mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima. Huendelea hivyo hadi wazee waridhike kwamba mkwe ametulia na binti yao. Siku hiyo hupikwa chakula, mama mkwe humtazama kwa mara ya kwanza, na tangu hapo huyo ni mtoto wa nyumba.

Mwanamume mwingine angengoja siku hiyo huku akicheka. Wangu hakucheka. Mama yake alifariki akimzaa, akalelewa na wajomba, wanaume watupu, katika nyumba ambayo chakula kilipikwa na yeyote aliyeshindwa kukimbia. Tangu mwanzo wa ndoa yetu aliniambia, "Mi sijaitwa mutoto na mwanamuke hata siku moja. Njo ile tu nataka." Basi kila tulipokwenda Puta alilala kwa jirani, akapelekewa bukari, ugali wetu wa muhogo, na kitoweo kwenye sahani iliyofunikwa, akakaa peke yake akila chakula cha mama yangu, huku akisikia kicheko chake upande wa pili wa ua wa matete. Moyo wangu uliniuma kila mara.

Wazee walikuwa wameshaahirisha mara mbili. Mara ya kwanza kulikuwa na msiba. Mara ya pili mjomba wangu, ndugu mkubwa wa mama, ambaye neno lake ndilo lililokuwa la mwisho kwetu, alisema watu wa ng'ambo wana tabia ya kurudi ng'ambo. Sasa alikuwa ameikubali Jumamosi moja ya kiangazi. Lakini mjomba huyo alipenda sababu kama wengine wanavyopenda ugoro, na tulijua kwamba akipata nyingine, tutangoja tena mwaka mzima.

Tuliondoka Nchelenge Alhamisi, jua likiwa bado jekundu. Hatukuwa na haraka. Kushoto kulikuwa na ziwa, kulia msitu, na mbele yetu mchanga ambao usiku uliopita hakuna aliyeukanyaga isipokuwa kanga. Tulisimama kwa wavuvi tukanunua mapale, wale samaki wapana wa ziwani, waliobanikwa, tukawala kwa mikono tukiwa tumekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Kwenye Mto Kalungwishi tulivuka kwa pontoni, na mvutaji kamba akataka nimwonyeshe jinsi ninavyopanda baiskeli. Nilimwonyesha, nikaizunguka pontoni yake mara moja, nusura niende na maji. Baadaye tairi la nyuma la mume wangu likatoboka, na gundi ya viraka ilikuwa imekauka ndani ya kopo. Tulishindilia majani makavu ndani ya tairi hadi likajaa, na baiskeli ikaendelea ikirukaruka kama mbuzi aliyeshiba. Sikumbuki siku ambayo nimecheka zaidi.

Tulilala kwa watu tuliowafahamu, na kesho yake mchana tukakaribia Puta. Mume wangu aliacha kuimba. Alikuwa akiangalia kila kona kama mtu anayetafuta nyoka.

"Weye pita mbele," akaniambia. "Ukiona mama, piga kengele. Mi nikisikia tu, naingia mu pori."

"Na breki?" nikamuuliza, kwa maana baiskeli yake haikuwa na breki tangu mvua za mwaka uliopita. Alisimama kwa kukandamiza soli ya kiatu kwenye tairi.

"Breki ni Mungu."

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Hata leo siuoni ubaya wake. Kuna mteremko mrefu kabla ya kijiji, na mimi niliuteremka kwa raha, chitenge kikipepea, nikakata kona. Huko chini nikaona wanawake wawili wanakuja na makapu kichwani. Mmoja alikuwa mama mdogo, mwenye maneno mengi. Wa pili alikuwa mama.

Nikapiga kengele. Nikaipiga kwa nguvu zote, kama kengele ya kanisa siku ya Pasaka.

Mume wangu aliisikia, na mama aliisikia vilevile. Alijua fika kwamba kengele ile inakuja na mkwe wake nyuma. Mama mdogo akakimbilia kushoto, akaingia ziwani mpaka magotini na kugeuzia barabara mgongo. Lakini mama alikuwa mtu mzima wa heshima, asiyejificha mahali peupe. Yeye alichagua upande wa kulia, kwenye kijia kinachoingia vichakani. Mume wangu, akija kutoka juu kwa kasi bila breki, naye aliona kijia kingine cha kulia, akakata kona, akapotea. Vijia vile vyote viwili viliishia pamoja, kwenye mashimo ya kulowekea muhogo.

Nikasikia mshindo, halafu mlio wa kitu kizito kikiingia kwenye tope.

Niliitupa baiskeli yangu nikakimbia. Anayejua muhogo uliolowekwa siku nne anajua harufu yake, sina haja ya kuieleza. Mume wangu alikuwa ameketi katikati ya shimo, tope limemfika kifuani, uso wote umefunikwa, hakuna pua wala mdomo. Hata hivyo alikuwa amegeuza kichwa pembeni kwa heshima na kupiga kelele, "Mama, mi sioni! Mi sioni kitu!" Mama alikuwa amesimama ukingoni, amelipa shimo mgongo, kapu bado liko kichwani. Baiskeli ilikuwa imelala kati yao, gurudumu la mbele likizunguka.

Mama akaiambia baiskeli, akiiita kwa jina lake la kwetu, "We kinga, uulize ule mutu kama anaumia."

Mume wangu akaijibu baiskeli, "We kinga, uambie mama niko muzuri. Macho tu njo inachoma."

Nilitaka kucheka, nikauma kidole. Halafu nikaona mabega ya mama yakishuka. Akatua kapu chini. Akageuka, akaingia shimoni na chitenge chake kizuri, akamshika kidevu, akaanza kumfuta macho kwa pindo la nguo yake.

"Tulia," akasema polepole. "Tulia, mutoto yangu."

Alipomaliza akachukua kapu lake na kwenda zake kwa kijia cha shambani. Mume wangu alipofumbua macho aliona mgongo wake tu. Machozi yalimtoka, nikamwambia ni ule muhogo, akasema ndiyo, ni muhogo.

Jioni ile mama mdogo alikuwa ameshaifikisha habari kila mlango. Mjomba akaita kikao uani. Kwa kuwa mume wangu alikuwa ameketi nje ya ua akisikiliza kupitia matete, walisema Kiswahili cha sokoni ili naye asikie hukumu yake.

"Bamekwisha kuonana," mjomba akasema. "Mbele ya siku. Ile ni mubaya sana. Tungojee kiangazi ingine."

Nje ya ua nilisikia mume wangu akikohoa mara moja, kikohozi kidogo cha mtu anayefunga mizigo.

Mama alikuwa akichambua mboga, wala hakuinua kichwa. "Nani alionana na nani?"

"Weye na mukwe. Mu shimo ya muhogo."

"Mi niliona tope," mama akasema. "Tope iko na miguu mbili, inalia mama, mama. Kama ile tope njo mukwe yangu, sijui. Uso sikuona."

Mjomba akamgeukia mama mdogo. "Weye uliona uso?"

Mama mdogo, ambaye wakati ule alikuwa ziwani akitazama Kongo, akalazimika kusema ukweli kwamba hakuona uso wowote. Mimi sikuulizwa, nikatazama vidole vya miguu yangu. Mjomba alizungukazunguka katika maneno yake akitafuta mlango wa kutokea, kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa tumbo. "Tope haiko mukwe," akasema. "Kesho tutaona huyu mutu."

Jumamosi mume wangu aliletwa amefunikwa nguo kichwani, akaketishwa mkekani mbele ya mama. Kulikuwa na kuku, mapale na bukari iliyopanda kama kichuguu. Nguo ikaondolewa. Mama akamtazama kwa muda mrefu, akapiga makofi kwa mshangao kama inavyopasa, akasema, "Kumbe eko na sura hii!" Kisha, mbele ya watu wote, akalowesha kidole gumba kwa mate na kumfuta nyuma ya sikio, ambako kipande cha tope kavu kilikuwa kimebaki tangu jana yake. Mjomba akakohoa, akaomba aletewe maji ya kunawa. Tukala.

Tuliondoka Jumatatu asubuhi. Mama alikuwa ametangulia shambani na wenzake, tukiwa tumeshaagana naye alfajiri, tukidhani hatutamwona tena safari hiyo. Safari hii mume wangu alikuwa mbele. Chini ya mteremko ule ule, akichochea kasi ili aupande, kwa mazoea tu, akapiga kengele.

Wanawake waliokuwa wakitoka shambani na mama walitawanyika, wengine vichakani, wengine majini. Mama akabaki katikati ya barabara, kapu kichwani, mkono kiunoni. Mume wangu alikandamiza soli kwenye tairi mpaka ikatoa moshi, akasimama karibu kabisa na miguu yake, akashusha macho.

"Piga tu kengele," mama akamwambia. "Mi siende fasi yoyote. Na weye, mutoto yangu, tengeneza breki."