Mashavu ya Fundi

Fundi aliyenifunza kuchora alikuwa na kibanda karibu na soko la Jericho, na vinyozi wengi wa mtaa walitundika nje mabango ya vichwa alivyovichora. Sheria yake ilikuwa moja tu: chora unachokiona. Alipougua ule ugonjwa ambao miaka hiyo ya tisini hakuna aliyeutaja kwa jina, aliniomba nimchore, maana hakuwa na picha isipokuwa ile ya kitambulisho.

Nilimchora wiki nzima chumbani kwake mtaa wa Mbotela, mimi nimekalia debe, yeye kitandani. Nikampa mashavu yake ya zamani, yaliyojaa. Alipoiona picha aliomba brashi, akaichovya kwenye rangi ya kijivu, akayachimba mashavu yote mawili mpaka yakafanana na yake.

"Huyu ndiye mimi," akasema. "Uongo wachoree vinyozi."

Alipofariki, mkewe alinijia na ile picha ameifunika kwa leso. Ingewekwa juu ya jeneza wakimsafirisha kwao, magharibi.

"Mwanangu, mjaze mashavu," akanisihi. "Watu wa kwao wakimwona hivi watajua, na mimi watanifukuza."

Nilikasirika, lakini nikachukua brashi. Nikayajaza. Rangi ilikuwa bado mbichi nilipoipeleka matangani, na kila aliyeiona alinishika mkono akaniambia kwamba nimempatia kabisa.