Watoto Waliozama Dirishani kwa Mama

Baba alipofariki, Mama hakulia. Si mazishini, si arubaini, si siku yoyote. Alikaa eda yake chumbani, akiitikia salamu tu: shikamoo, marahaba, basi. Jina la Baba halikumtoka. Shangazi alisema machozi yakikaa ndani humuua mtu, nami niliogopa, nisiseme uongo. Nyumba yetu hapa Mbegani, aliyoijaza Baba kwa kelele zake, ilikuwa kimya mpaka nikaichukia.

Mimi kubembeleza sijui. Nilichukua riwaya niliyoinunua Dar, ya kutafsiriwa kutoka nchi za baridi, nikakaa dirishani kwa Mama nikaanza kusoma kwa sauti. Ilihusu ndugu watatu waliomtoroka mjomba wao bahili kwa mashua waliyoiunda kwa mlango wa banda la kuku. Mfasiri, Mungu amzidishie, alimpa yule mjomba matusi ya Kiswahili kilichonyooka, utadhani kazaliwa hapa hapa pwani. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Mama alitazama ukuta.

Alasiri moja nikafika pale mawimbi yanapowazidi. Na mimi nikisoma, nasoma kweli.

"Jamani, mashua imepinduka! Watoto wote hawaonekani!"

Jirani yetu, mwanamke muuza samaki, alikuwa akipita nje. Hakuuliza. Alitupa beseni, akapiga ukunga, yowe la kuita msaada, na huku kwetu mtu akisikia ukunga wa bahari hukimbia kwanza. Kufumba na kufumbua uwanja umejaa wanawake, khanga zimekaa kombo, wengine wanalia: "Watoto wa nani? Watoto wa nani?"

Nikainua kitabu.

"Wa humu," nikasema.

"Wallahi nitakuzaba kofi!" jirani akafoka. "Samaki wangu wamemwagika mchangani kwa ajili ya watoto wa kitabu?"

Ndipo ikatoka sauti nyuma yangu.

"Mwacheni. Wale hawafi kirahisi. Wamemshinda mjomba wao, watashindwa na maji?"

Mama! Kumbe alikuwa akisikiliza neno kwa neno, wala hakunionyesha. Akajiziba mdomo kwa upindo wa khanga, kicheko kikamponyoka. Wanawake wakaingia chumbani wakicheka naye, machozi hayajawakauka. Jirani akaketi mkekani, bado kanuna.

"Haya, soma basi," akaniambia. "Nijue kama wameokoka."

Nikasoma. Waliokoka, wakiwa wamening'inia kwenye mlango wao na kugombana nani kausahau msumari. Chumba kizima kikaangua kicheko, na Mama akanishika goti.

"Baba yako," akasema, "angecheka huyo mpaka aanguke kitini."

Kicheko kikamgeuka hapo hapo. Akalia kwa sauti, akimwita mumewe, na hakuna aliyemwambia anyamaze.